Mzee Asiye na Mtoto wa Kiume

Bunda,
10 Februari 1975

Mdogo wangu Magige,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Bunda. Wazima tupo, ila mvua imetudanganya: ilinyesha siku mbili, watu wakakimbilia kupanda pamba, nayo ikaondoka bila kuaga. Shemeji yako mguu umepona na sasa anatembea nao sokoni kama aliununua juzi. Mwanangu Mbuke ameng'oka jino la mbele, akicheka anafunika mdomo kama bibi harusi. Sukari hatujaiona tangu Krismasi, kwa hiyo ukija usitegemee chai. Nasema "ukija" kwa mazoea tu.

Sasa nisikilize. Nilikwenda Butiama kumwona baba katika kijiji kipya walikohamishiwa. Nyumba anayo, na majirani ni watu wema. Lakini baba tuliyemjua hayupo. Ng'ombe wake wengi walikufa baada ya kuhama, mama naye hayupo wa kumwambia neno, basi mzee anakunywa gongo asubuhi kabla hajanawa uso. Mikono inatetemeka hata bakuli la uji anashikiwa na jirani. Nilipomuuliza akasema ni malaria. Nimeona malaria nyingi, Magige, na hakuna hata moja inayonuka vile.

Wewe kazi yako ni hiyo hiyo. Hapo Makoko mnapokea walevi kutoka Tarime mpaka Ukerewe, mnawatibu, wanarudi kwao wakiwa watu. Nipe siku nimlete baba. Siombi kingine.

Ni mimi dada yako,
Wankyo

*

Nyumba ya Nafuu, Makoko, Musoma,
6 Machi 1975

Dada yangu Wankyo,

Shikamoo. Msamehe mdogo wako kwa kuchelewa kujibu. Nimefurahi kusikia mguu wa shemeji umepona, na umbusu Mbuke kwenye pengo. Mimi ni mzima. Ziwa limechafuka wiki nzima, samaki wamekuwa adimu, tunakula maharage na unga wa njano wa msaada ambao wagonjwa wanasema ni dawa nyingine tumeichanganya humo.

Hapa kazini wafanyakazi ndio shida. Kila asubuhi naita majina uani kabla ya uji, na kila asubuhi sauti zinazoitika zinapungua. Jeska, muuguzi wetu, ni mjamzito na karibu anakwenda likizo ya uzazi. Leonardi mlinzi wamemchukua kusaidia operesheni ya kuhamisha watu na haijulikani atarudi lini. Jumanne mhudumu yupo, lakini huitika jina lake akiwa bado nje ya lango, mkononi furu za kuchoma, vile visamaki vya ziwani. Wa kutegemewa ni Bi Siwema, mpishi, mama wa Kiislamu wa hapa mjini. Tangu nyumba hii ifunguliwe hajakosa hata siku moja, na akimkuta mgonjwa anatetemeka huacha chungu akamshika mkono. Wagonjwa wanamwogopa kuliko mimi.

Kwa hali hiyo siwezi kupokea mgonjwa mpya sasa hivi. Tungoje masika yapite. Kuhusu mzee, mpe maji mengi na uji mwepesi.

Mdogo wako,
Eliasi Magige

*

Bunda,
15 Machi 1975

Magige,

Salamu. Hapa wazima. Naona umesaini Eliasi kwanza. Hilo la ubatizo waachie watu wa ofisini; aliyekubeba mgongoni alikuwa anambeba Magige.

Habari za wafanyakazi wako nimezisoma zote, mpaka furu za Jumanne. Habari ya baba umeipa mstari mmoja, tena wa uji.

Jana nimetoka Butiama. Siku ya kugawa mahindi ya msaada baba alisimama kwenye foleni kama watu wengine. Akaanza kutetemeka, akaanguka, shuka ikamtoka. Wakwe zake walikuwepo, na watoto wa shule walikuwepo. Mwanamke mmoja akavua khanga yake akamfunika, na baba alipozinduka akauliza ni nani aliyemwona. Tangu siku hiyo hatoki nje mchana. Nilikaa naye nikalia, yeye akaangalia ukuta.

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa na hasira na wewe, kwa sababu uko mwendo wa basi moja.

Wankyo

*

Nyumba ya Nafuu, Makoko,
2 Aprili 1975

Dada Wankyo,

Shikamoo. Natumai mvua imewafikia sasa. Hapa imeanza vizuri na Bi Siwema amepanda mchicha nyuma ya jiko, akisema serikali imesema siasa ni kilimo na yeye hataki kuulizwa. Jeska ameondoka juzi kwenda kwao kujifungua. Leonardi bado.

Yale uliyoandika yameniumiza. Lakini dada, kuna jambo hulijui. Mgonjwa akifika hapa utaratibu ni mmoja: anavuliwa nguo zote na kuogeshwa na wanaume wawili, mkuu wa nyumba na mhudumu. Nguo zinachemshwa, na tunahakikisha hakuficha chupa. Siku za mwanzo anajichafua, anatapika, anatukana, nasi tunamshika. Mkuu wa nyumba ni mimi. Unajua kwetu baba na mtoto wa kiume aliyekwisha kutahiriwa hawaoneshani miili. Nimwogeshe mimi? Hiyo ni laana juu yangu na juu yake. Mtafute mganga huko Bunda, au hospitali ya misheni yoyote. Nitaandika barua ya kumtambulisha.

Mdogo wako,
Magige

*

Bunda,
9 Aprili 1975

Magige,

Salamu, sina nyingi. Mtoto wa jirani ana surua, Mbuke nimemfungia ndani.

Jeska wako alipitia hapa. Basi lao liliharibika, akalala kwangu kwa sababu alisikia nina ndugu Makoko. Mtoto mzuri, ana adabu. Akakusifu mpaka uji ukapoa. Akasema, "Bwana Eliasi anawafundishaga wagonjwa kwa mfano wa baba yake. Anasema mzee ni mwenyekiti wa ushirika, na tangu azaliwe hajaonja pombe." Akaniuliza kama mzee hajambo. Nikasema hajambo. Nimekufichia, na mate yalikuwa machungu mdomoni.

Kwa hiyo usiniletee mila. Mila naijua kabla hujaijua wewe. Mwili unaoogopa kuuona, foleni nzima ya mahindi imeuona. Unachoogopa ni Jumanne na Siwema kujua kwamba yule mwenyekiti wa ushirika ndiye huyu anayeshikiwa bakuli. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na haya maradhi si yako hata uyafiche.

Tunakuja Jumatatu tarehe 14 na basi la asubuhi. Kama ni kumwogesha, mpe Jumanne. Kama ni kumpokea, simama wewe.

Wankyo

*

Bunda,
20 Aprili 1975

Magige,

Nilikuona.

Ulikuwa barazani umevaa koti jeupe. Ulituona tukiingia langoni, ukageuka, ukapita nyuma ya jiko kuelekea ziwani. Nilidhani unakwenda kuita mtu. Nikangoja. Nilingoja kama mjinga mpaka nikaelewa.

Baba alikuona pia. Usijidanganye kwamba macho yake yameharibika.

Akatoka Bi Siwema, akatukaribisha vizuri, akauliza mzee anaitwa nani na ana watoto wangapi. Nikafungua mdomo. Baba akanishika mkono, kwa ule mkono wake unaotetemeka, akasema mbele ya Jumanne na wagonjwa waliokaa pale, "Naitwa Nyamhanga. Mtoto ninaye huyu wa kike. Wa kiume sina." Hakutaja jina letu la Wanzagi, maana ukisema Wanzagi hapo, wote watamkumbuka Eliasi Wanzagi. Mtu mwenye kutapatapa vile, hajui leo ni Jumatatu au Jumapili, alikumbuka kukuficha.

Jumanne peke yake hakuweza kumnyanyua. Wafanyakazi wengine wa kiume hamkuwepo. Basi Bi Siwema akajitanda khanga ya pili, akaomba radhi kwa Mungu wake, akaingia bafuni. Mimi binti nilibaki nje. Nilimsikia akisema, "Funga macho mzee wangu, na mimi nafumba ya kwangu." Mwanamke wa watu, mwenye dini yake, na mumewe akisikia sijui itakuwaje.

Sikumwambia yeyote wewe ni nani. Nilipanda basi nikarudi. Sina la kuongeza.

Wankyo

*

Nyumba ya Nafuu, Makoko,
11 Mei 1975

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea. Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana. Mbuke hajambo? Surua ilimpita?

Baba yuko hai na anaendelea vizuri. Naanza na hilo.

Nilikaa mjini kwa rafiki. Niliporudi nilisema niliitwa mkoani kwa kikao. Bi Siwema ndiye alikuwa ameita majina siku hizo, na alipofika kwangu alisema mwenyewe, "Yupo, ametumwa kikazi." Hakuniuliza kitu. Akaniambia tu kwamba kuna mzee amekuja ana hali mbaya, na kwamba wamekwisha kumwogesha. Sikuweza kumtazama.

Jumanne naye akanipa habari za mgonjwa, kama ilivyo kawaida yetu mtu akirudi zamu. Akasema mzee alipandwa na mizimu ya gongo, siku zile za kutetemeka, na muda wote alikuwa anaita, "Magige, Magige." Walimuuliza alipotulia, Magige ni nani? Akawajibu ni ng'ombe wake dume aliyepotea wakati wa kuhama. Jumanne anacheka anaponisimulia. Anasema, "Bwana Eliasi, sijaona mtu anampenda ng'ombe namna hiyo." Na mimi nikacheka, dada. Nimeandika ili ujue kwamba nilicheka.

Nilipoingia wodini baba aliinuka kitandani, akasema, "Shikamoo Bwana Mganga." Baba yangu amenipa shikamoo. Niliitika. Wagonjwa wote walikuwa wanatazama, nikaitika.

Kila siku ni hivyo. Namdunga sindano ya vitamini, yeye anasema asante Bwana Mganga. Anafagia uani bila kutumwa, anawatuliza wageni wanaotetemeka. Bi Siwema anasema hajapata kuona mgonjwa kama huyu.

Nimekuwa mtu wa aibu. Sijui nianzie wapi kutoka.

Magige

*

Bunda,
1 Juni 1975

Magige,

Barua nimeipata. Mbuke ni mzima, surua ilimpita mbali. Shemeji yako ameniona nikisoma akadhani kuna msiba.

Ukitaka kujua uanzie wapi, anza mkiwa wawili. Huna haja ya kupiga ngoma. Mwite "baba" mara moja, hata kwa kunong'ona, wakati unamdunga hiyo sindano. Kama hilo nalo ni zito, basi hakuna dawa ya kwako hapo Makoko.

Wankyo

*

Nyumba ya Nafuu, Makoko,
22 Juni 1975

Dada Wankyo,

Shikamoo. Nyumbani kwenu nadhani mnachuma pamba, ile iliyopona. Hapa Leonardi amerudi, mweusi kwa jua na amekonda, haongei sana juu ya aliyoyaona. Jeska amejifungua mtoto wa kike, tumemchangia khanga. Jumanne siku hizi anaitika akiwa ndani ya lango.

Nilijaribu ulivyosema. Nilimkuta baba peke yake kando ya ziwa anafua shuka. Nikasema, "Mzee, nina neno." Akaendelea kufua. Akasema taratibu, "Bwana Mganga, usijisumbue. Wewe una kazi ya watu. Hawa wakijua, nani atakusikiliza tena?" Nikasimama pale. Ningesema neno moja tu. Jumanne akatokea na ndoo, nikaondoka.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya kutoka. Tuna desturi hapa: anayetoka anasimama uani mbele ya wote, na ndugu yake anasimama ubavuni mwake na kusema, "Huyu ni wetu, tunampokea." Bila hivyo hatumruhusu, kwa sababu mlevi anayerudi bila mtu hurudia. Wewe ulituma neno kwamba Mbuke ana homa na utampokea stendi ya Bunda, nami najua ile homa uliitunga ili nafasi ibaki wazi. Niliielewa dada. Niliielewa vizuri sana.

Baba akasimama. Nguo zake zilikuwa safi. Nikauliza, kama ninavyouliza siku zote, "Nani ni ndugu yake huyu?" Baba alikuwa anaangalia chini ili asinitazame. Nilihesabu moyoni, nikajiambia nikivuta pumzi moja zaidi nitasema. Bi Siwema akaweka chini mwiko, akatoka jikoni na unga kwenye nguo, akasimama karibu naye akasema, "Huyu ni kaka yangu. Tunampokea." Watu wakapiga makofi. Baba akalia.

Mimi nikatangaza mgonjwa mwingine.

Magige

*

Bunda,
20 Julai 1975

Magige,

Salamu. Shemeji yako na Mbuke hawajambo, na sukari imeonekana dukani, imetoweka tena.

Nilikaa mwezi mzima sijakuandikia. Nilitaka kukuandikia nikiwa nimetulia. Sijatulia, lakini jambo limetokea.

Baba hajagusa pombe. Juzi wazee walimwita kwenye mtungi wakampa mrija, akawaambia tumbo limemkataza, wakacheka wakamwachia togwa. Analima shamba la kijiji kama kijana. Kila jioni watu wanamsalimia kwa jina. Ungemwona ungefurahi.

Wiki iliyopita nilikuwa kwake. Katibu wa kijiji na balozi wa nyumba kumi walipita kuandikisha kaya. Wakauliza watoto wake. Baba akasema, "Mmoja. Wa kike." Balozi akacheka, akadhani uzee. Mimi nikasema, "Baba, tuko wawili." Akanitazama kwa upole akasema, "Nilisema kule ziwani, mbele ya watu, kwamba wa kiume sina. Mtu mzima hasemagi maneno mawili." Katibu akaandika mmoja.

Walipoondoka nilimkalisha nikamsihi. Hakukasirika. Alisema yeye alifunga ule mlango ili wewe usipate aibu, na hawezi kuufungua yeye. Anayeweza ni wewe, kwa mdomo wako, mbele ya watu. Nikamuuliza kama ana kinyongo. Akasema, "Kinyongo cha nini? Yule bwana wa Makoko alinitibu vizuri. Ukimwandikia, mpe asante yangu."

Nimetimiza nilichotumwa. Asante yake hiyo.

Wankyo

*

Nyumba ya Nafuu, Makoko,
5 Agosti 1975

Dada yangu Wankyo,

Shikamoo. Wasalimu shemeji na Mbuke.

Jeska amerudi kazini na mtoto wake mgongoni. Jana asubuhi nilimpa aite majina. Aliponiita mimi sikuitika mara moja. Nikawaambia wote, wagonjwa wakiwepo: naomba ruhusa kwenda Butiama kwa baba yangu. Nikasema baba yangu hajawahi kuwa mwenyekiti wa ushirika wowote. Baba yangu ni Wanzagi, ambaye hapa mlimwita Mzee Nyamhanga. Siku aliyoletwa nilimwona nikakimbia, na siku ya kutoka niliuliza ndugu yake ni nani huku najua.

Jumanne alivua kofia. Leonardi alikwenda langoni. Mgonjwa mmoja alicheka, wenzake wakamnyamazisha. Bi Siwema aliuliza jambo moja tu: "Nilipoingia bafuni, ulikuwa wapi?" Nikasema nilikuwa nyuma ya jiko, karibu kabisa. Nilisikia maji. Akafunua chungu, akagawa uji kwa kila mtu, na mimi akanipa. Leo asubuhi Jeska ameita jina la Bi Siwema na hakuna aliyeitika. Nilikwenda kwake, mumewe akaniambia mlangoni kwamba hana ugonjwa, hataki tu kuniona. Akirudi nitashukuru. Asiporudi nitajua ni kwa nini, na hata wao wote wanajua.

Nitapanda basi Jumamosi. Usimtangulizie habari, na usinisemee. Mwombe balozi awepo na majirani wowote watakaoweza. Baba akisema hanifahamu, usimbishie. Akiniuliza mimi ni nani, wewe nyamaza, niache nijibu mwenyewe.

Mdogo wako,
Magige Wanzagi